Banda la nguruwe mzazi Mombasa: chumba kimoja, hali mbili za hewa

Nguruwe mzazi anakaa vizuri kwenye nyuzijoto 18 hadi 22. Mtoto wake, dakika anayotoka tumboni akiwa majimaji, anataka 32 hadi 35. Mombasa haimridhishi yeyote kati yao. Mchana wa Februari na Machi joto hufika nyuzi 32 na kuzidi, mama akahema na kususa chakula. Usiku wa Julai, kusi ikileta mvua, joto hushuka hadi karibu nyuzi 21 na kitoto cha kilo moja na robo kikaanza kutetemeka. Wote wawili wanalala chumba kimoja, na wote wawili ni lazima uwatosheleze.

Ramani nyingi za mabanda zinazozunguka kwenye simu zimechorwa na wafugaji wa bara, wa Kiambu na Limuru, ambako adui ni baridi: kuta ndefu, madirisha madogo, bati la chini. Ukiichukua ramani hiyo ukaijenga Kisauni, umejenga tanuri.

Joto hilo halimuumizi mnyama tu, linakula na mfuko wako. Nguruwe hana jasho la maana la kumpoza. Anategemea kuhema na kulowesha ngozi. Likipita nyuzi 25 hivi, anajipunguzia chakula ili mwili usizalishe joto zaidi. Mama anayenyonyesha anatakiwa ale kilo 5 hadi 7 kwa siku. Akila 3, maziwa yanapungua, watoto wanaachishwa wakiwa wepesi, yeye mwenyewe anabaki mifupa, kisha anachelewa kumtaka dume. Huioni hasara hiyo kwa siku moja, lakini mwisho wa mwaka unapohesabu mizao utakuta imepungua bila mnyama hata mmoja kuugua.

Hatua ya 1: Ongea na jirani kabla ya kuchagua kiwanja

Tuambizane ukweli. Huu ni mji wa Waislamu wengi, na hata jirani asiye Mwislamu hafurahii harufu ya nguruwe mlangoni kwake. Kisiwani usijaribu. Tafuta pembezoni kwenye mashamba: Mwakirunge, Utange, sehemu za Jomvu na Mtongwe, au vuka kaunti uende Mariakani na Kaloleni. Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, nenda kwa afisa wa mifugo na afisa wa afya ya umma uulize kama eneo linaruhusiwa, halafu kaa na mzee wa mtaa. Kibali cha ofisini bila maelewano ya mtaani hakina umri.

Upepo wa hapa una ratiba, nayo inasaidia kupanga. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki. Maana yake harufu ya banda lako inaelekea upande wa magharibi karibu mwaka mzima, mara kaskazini-magharibi, mara kusini-magharibi. Chagua kiwanja ambacho upande wake wa magharibi hauna nyumba, msikiti wala madrasa, na umeshamaliza nusu ya ugomvi ambao ungekuja.

Nusu nyingine ni maji machafu. Sehemu kubwa ya ardhi yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kinachomwagika juu hupenya upesi hadi kwenye visima. Shimo la kinyesi lijengwe na lipigwe plasta ndani, mbali na kisima chochote, liwe lako au la jirani. Kisima kikinuka, hakuna mzee wa mtaa atakayekutetea.

Hatua ya 2: Paa na upepo

Upande mrefu wa banda ulale mashariki hadi magharibi. Jua letu linapita karibu utosini, hivyo banda la namna hiyo hupigwa na jua la asubuhi na la alasiri kwenye ncha tu, na pande ndefu zinabaki wazi kupokea kusi na kaskazi.

Kwa paa, makuti yaliyopangwa kwa karibu yanashinda mabati, tena kwa mbali. Bati tupu likipata jua la saa saba linamwaga joto mgongoni mwa mnyama hata kama kuna upepo. Makuti yana kasoro zake: panya, kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto (tutarudi kwenye moto). Ukiwa huna budi kutumia mabati, yapake rangi nyeupe juu, weka dari ya makuti au mikeka chini yake, na upande wa chini wa paa usipungue mita 2.5. Nguzo za mvinje zinatosha kabisa. Misumari na bawaba, hapa ndipo watu hubana pesa pasipostahili, kwani hewa ya chumvi hula chuma cha bei rahisi upesi, na lango la nguruwe mwenye kilo 200 likilegea utamfuata barabarani.

Upenu utoke mita moja kamili au zaidi. Mvua ya kusi huja kwa ubavu.

Sasa ukuta. Fundi wako atasema, "Mzee, tuupandishe mpaka mita moja na nusu, si ndio usalama?" Mwambie achuchumae pale nguruwe atakapolala. Mgongo wa nguruwe aliyelala uko kama sentimita 40 kutoka sakafuni. Ukuta mzima wa mita moja na nusu unapitisha upepo usoni mwa mfugaji, na mnyama anabaki kwenye hewa iliyosimama. Kabla ya kuezeka, washa kipande cha kumbi la nazi, kiweke chini katikati ya chumba, utazame moshi. Ukienda pembeni, vizuri. Ukipanda wima na kuning'inia, toboa ukuta. (Kabla ya kuezeka, nimesema. Kumbi na makuti havipatani.)

Kwa vyumba vya wenye mimba, tumia ukuta wa tofali mbili tatu tu, halafu fito au mabomba hadi mita 1.1. Chumba cha kuzalia kinataka hesabu nyingine: upande wa kona ya watoto uzibwe kabisa, upande anakolalia mama uwe wa fito, ila sentimita 30 za chini zizibwe ili vitoto visipenye na upepo usiwapige moja kwa moja.

Hatua ya 3: Sakafu

Wengi Pwani wanaanza na sakafu ya mchanga kwa sababu ni bure na ni laini. Mchanga huo ndio makao ya funza. Funza huingia kwato za nguruwe, na kwa mama mwenye watoto huingia mpaka kwenye chuchu. Chuchu ikiuma hataki kunyonyesha. Miguu ya mhudumu nayo haisalimiki. Mwaga zege.

Mteremko uwe sentimita 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji ulio nje ya chumba. Ukizidisha, mama mwenye mimba anateleza. Ukipunguza, mkojo unabaki. Usimalizie kwa mwiko mpaka iteleze kama sebule, wala usiache kokoto zimejitokeza. Pitisha ufagio mgumu wakati zege inaanza kushika. Ikikauka, piga goti, ulisugue mara kadhaa huku na huku. Likiwa jekundu, jua vitoto vitachubuka magoti siku ya kwanza ya kunyonya, na penye mchubuko vidudu huingia na kuvimbisha viungo. Sakafu mpya ioshwe kwa maji mara kadhaa kabla ya mnyama kuingia, maana simenti mbichi huunguza ngozi changa.

Zege ina gharama moja iliyojificha. Maziwa ya nguruwe yana madini kidogo mno ya chuma, na kitoto cha porini hujazia kwa kuchimba udongo. Cha kwenye zege hakina udongo. Kila kitoto kichomwe sindano ya madini ya chuma, miligramu 200, ndani ya siku tatu za mwanzo. Bila hivyo huwa weupe, wanyonge, na wiki ya tatu wanadumaa.

Hatua ya 4: Wenye mimba wakae pamoja

Kuna mtindo wa kumfungia kila jike mwenye mimba kwenye kizimba cha chuma chenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 2 hivi. Anaweza kusimama na kulala, hawezi kugeuka. Anakaa hivyo karibu mimba nzima, siku 114. Wanaoupenda wanasema ni rahisi kumlisha kila mmoja kipimo chake na hakuna mapigano, na hilo ni kweli. Lakini misuli na mifupa hulegea, mabega hupata vidonda, na akili ya mnyama huharibika: hutafuna vyuma saa nzima bila kitu mdomoni. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1999. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2013, unataka jike akae na wenzake kuanzia wiki ya nne baada ya kupandwa hadi wiki moja kabla ya kuzaa, kila jike mkubwa akipata angalau mita za mraba 2.25 na mtamba (jike ambaye hajawahi kuzaa) 1.64. California ilipigia kura sheria kali zaidi mwaka 2018.

Kwa Mombasa nina sababu ya nyongeza. Nguruwe mwenye joto hujinyoosha ubavu mzima na kujitenga na mwenzake, tena hutafuta sehemu yenye unyevu. Aliyefungwa hana pa kwenda. Mpe kila mmoja mita za mraba 3, wawe wanne au watano katika chumba, na sehemu ya nje yenye kivuli na kidimbwi cha sakafu ya zege, chenye maji yanayobadilishwa. Weupe kama Large White na Landrace huungua na jua ngozi ikabanduka, kwa hivyo kivuli si hiari.

Mapigano yapo, na karibu yote yanahusu chakula. Jenga vigawanyo vya kulia: upana sentimita 50, urefu uzidi mabega ya mnyama, kila jike na kihori chake. Mwenye nguvu akimaliza hawezi kumfukuza mnyonge. Bila vigawanyo, yule mdogo atakonda mbele ya macho yako na utadhani ana minyoo.

Wachanganye ama siku wanapoachishwa watoto, ama baada ya mwezi mmoja wa kupandwa. Katikati ya hapo mimba bado inajishikiza tumboni, na purukushani inaweza kuimwaga. Fanya jioni, chumba kikiwa na nafasi na kona za kukimbilia, chakula kimemwagwa cha kutosha. Ndani ya siku mbili wanakuwa wamejuana nani mkubwa. Mtamba mmoja asitupwe peke yake kati ya majike wazee. Wawe wawili au zaidi.

Dume usimsahau. Akipigwa na joto kali, mbegu hudhoofika kwa wiki kadhaa mbele, na utakuja kulaumu majike mwezi wa kuzaa kwa mizao ya watoto sita, wakati kosa lilifanyika kwenye chumba cha baba yao wakati wa Machi.

Hatua ya 5: Chumba cha kuzalia

Hapa ndipo faida hupatikana au hupotea. Vitoto vingi vinavyokufa kabla ya kuachishwa hufa ndani ya siku tatu za kwanza, na wengi hulaliwa na mama. Ila kulaliwa huwa ni mwisho wa safari. Kitoto huzaliwa hakina mafuta ya mwilini ya kukipasha. Kikipata baridi kinakosa nguvu ya kufika kwenye chuchu. Kikikosa dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, kinazidi kuwa baridi. Kikiwa baridi kinajibanza kwenye ubavu wa mama, sehemu pekee yenye joto, na hapo ndipo anapolala. Ukimlaumu mama kwa uzembe, hujaangalia chumba.

Vipimo: mita 2.5 kwa 3, kona ya watoto ikiwa ndani yake. Mama asiye na kizimba anahitaji nafasi ya kugeuka, kunusa watoto, kuwakusanya, kisha kulala polepole. Chumba cha mita 2 kwa 2 kinamlazimisha ajitupe.

Vyuma vya kinga ndivyo vitu vya bei ndogo vinavyookoa roho nyingi kuliko vyote. Nguruwe hupenda kuegemea ukuta na kuteleza nao hadi chini, na kitoto kilicho kati ya mgongo na ukuta hakina pa kutokea. Funga mti wa mvinje mnene au paipu ya sentimita 5 kuzunguka kuta tatu, sentimita 25 kutoka ukutani na sentimita 25 kutoka chini. Pima kutoka juu ya matandiko, sio kutoka kwenye zege: ukipima zege halafu ukamwaga maranda ya sentimita 10, umebakisha upenyo wa paka. Nguzo zizamishwe kwenye zege, kwani mnyama atajisugua hapo kila siku.

Je, kizimba cha kuzalia? Kinapunguza kulaliwa, sina ugomvi na hilo, na mashamba makubwa mengi duniani bado yanakitumia; Uswisi na Sweden walishaachana nacho. Kwa mfugaji wa Mombasa mwenye majike watatu hadi kumi sikipendekezi: chuma kinaliwa na chumvi, na mama aliyebanwa saa nane mchana hana namna ya kuufuata upepo. Ukiwa na jike mzito anayejitupa, weka geti la pembeni unaloweza kulifunga siku tatu nne baada ya kuzaa, kisha ulifungue. Akirudia tabia hiyo mzao wa pili, muuze.

Muingize siku ya 108 hivi baada ya kupandwa, sio asubuhi ya kuzaa. Mwoshe kwa sabuni na maji, hasa kiwele na tumbo, kwani hapo ndipo vitoto vitaanza kunyonya. Siku moja kabla ya kuzaa utamwona anakwaruza sakafu kwa mguu, anabeba chochote mdomoni, anazunguka. Anajenga kiota, silika hiyo hata nguruwe wa kizazi cha viwandani bado anayo. Mpe cha kujengea: nyasi kavu, maranda, gunia la katani lililofungwa ukutani alivute. Gunia la nailoni hapana, litamkaba yeye au litafunga miguu ya watoto. Jike anayenyimwa kiota hukaa na wasiwasi, uzazi ukarefuka, na watoto wa mwisho wakatoka wamekufa kwa kukosa hewa. Tazama chuchu pia: maziwa yakichirizika ukibinya, andaa taa, usiku huo hulali sana.

Uzazi wa kawaida huchukua saa 3 hadi 5. Akisukuma karibu saa nzima bila kitoto kutoka, mwite daktari wa mifugo. Joto huurefusha uzazi, kwa hivyo ikiwa ni Februari, tundika chupa yenye tundu dogo juu ya shingo yake, tone moja moja likiangukia mabegani. Shingoni tu, sakafu ya upande wa watoto ibaki kavu. Na ujue kuwa hewa ya Mombasa tayari ina unyevu mwingi: kumwagia maji mnyama mahali pasipo na upepo ni kumpikia kwa mvuke. Upepo kwanza, maji baadaye. Feni ya ukutani ikipulizia kichwa cha mama, mbali na kona ya watoto, inastahili bili yake ya stima.

Hatua ya 6: Kona ya watoto

Boksi la mbao lenye urefu wa mita 1.2, upana sentimita 80 na kimo sentimita 60, lenye kifuniko cha juu na mlango wa chini unaomruhusu mtoto peke yake. Likae usawa wa kiwele, kwani kitoto kilichotoka kunyonya hakitembei mbali. Chini weka maranda makavu yasiyo na vumbi jingi. Juu ning'iniza balbu ya waya ya wati 60 hadi 100, yenye wavu wa kinga, kimo ambacho vitoto haviifikii. Balbu za kisasa za kubana stima hazitoi joto, kwa hivyo ukisema "ile taa iliwaka usiku kucha na bado wamekufa," angalia kwanza ni taa gani.

Boksi lililofunikwa lina maana kubwa hapa kwetu. Taa iliyoachwa wazi inampasha na mama, na mama tayari ana joto la kumtosha. Ndani ya boksi joto linabaki kwa wanaolihitaji. Siku ya kwanza nyuzi 34 hivi, kisha punguza taratibu, wiki ya tatu iwe 28. Kipimajoto kizuri ni wenyewe. Wakilaliana kwa rundo, wanaona baridi. Wakitawanyika kila mmoja ukutani wakihema, shusha joto. Wakilala ubavu kwa ubavu kwa safu moja, acha hivyo hivyo.

Kuna hila moja isiyogharimu chochote. Hatari kubwa iko mama anaposimama kula na kurudi kulala. Siku tatu za mwanzo, kabla ya kumpelekea chakula, wasukume watoto ndani ya boksi na uzibe mlango. Ale, anywe, aende haja, alale. Akishatulia, fungua. Ukifanya hivyo wanazoea kwamba boksi ndilo kwao.

Stima ikikatika, jaza chupa za lita moja na nusu maji ya moto, zifunge kwenye gunia, ziweke ndani ya boksi. Jiko la makaa chini ya makuti usithubutu, hata kwa dakika tano. Makuti makavu wakati wa kaskazi hayakupi nafasi ya kukimbilia ndoo.

Hatua ya 7: Maji

Mama mwenye watoto hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku. Mhesabie mitungi miwili ya lita 20 ya mkokoteni. Majike watano ni mitungi kumi, kabla hujaosha sakafu. Anayejua mgao wa maji wa Mombasa ataelewa kwa nini tangi linanunuliwa kabla ya nguruwe. Lijengee kivuli na uzike paipu, kwani paipu nyeusi ikilala juani maji yanatoka moto na mnyama hayanywi, na asiyekunywa hali.

Kinyweo cha chuchu (kibomba ambacho nguruwe hubonyeza kwa mdomo apate maji) kitoe lita 2 kwa dakika. Shika chupa ya lita moja chini yake: ijae kwa nusu dakika. Maji ya kisima yaonje mwenyewe; yakiwa na chumvi kali, yachanganye na ya bomba, la sivyo utatibu kuhara kusikoisha. Maji yakikosekana siku nzima kisha yakarudi, wape kidogo kidogo. Nguruwe aliyekaukiwa akijijaza kwa mara moja anaweza kupata kifafa na kufa, zaidi akiwa amekula makombo yenye chumvi.

Mlishe alfajiri na usiku. Saa saba mchana ni kupoteza chakula.

Hatua ya 8: Ukuta, uzio na homa

Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921. Haina tiba, na ikiingia inaweza kumaliza banda zima. Banda linaweza kuifungulia mlango au kuifunga. Aina ya papasi wanaoibeba hujificha kwenye nyufa, hivyo nyufa za ukuta zizibwe kwa plasta na kupakwa chokaa. Uzio wa nje uzuie mbwa, ngiri na nguruwe wa jirani wanaozurura. Mlangoni weka beseni la dawa, na viatu vya banda visitoke banda. Mnunuzi aliyetoka kwa mfugaji mwingine abaki nje ya uzio, umletee mnyama getini, akinuna, anune.

Makombo ya hoteli za Nyali na Bamburi ni chakula kizuri na ni hatari kubwa. Yachemshe yatokote nusu saa kamili, na yasifike ndani ya banda kabla ya kuchemshwa.

Hatua ya 9: Daftari linalosoma banda

Andika waliozaliwa hai, waliozaliwa wafu, waliokufa baadaye na mahali ulipowakuta. Kitoto bapa karibu na ukuta kinakuambia kuhusu vyuma vya kinga. Kilichokonda, baridi, tumbo tupu: kona ya watoto. Wafu wengi wakati wa kuzaa: joto, au mama mnene kupita kiasi. Vidonda vya magoti vinarudi kwenye sakafu.

Andika pia siku mama aliyomtaka dume baada ya kuachishwa. Mimba ya siku 114, kunyonyesha siku 35 na wiki moja ya kusubiri ni siku 156, yaani mizao miwili na ushee kwa mwaka. Akiukosa mzunguko mmoja unangoja siku 21 nyingine, na kwa kilo 2.5 kwa siku amekula zaidi ya kilo 50 za chakula bila kuzalisha kitu. Ukiona majike kadhaa wamechelewa baada ya Machi, usiwaitie daktari kwanza. Kapime kivuli.

Hatua ya 10: Kuwaachisha

Siku ya kuachisha anaondoka mama, watoto wanabaki. Wakikaa wiki moja kwenye chumba wanachokijua, na boksi lao, na kihori chao, wanapata mshtuko mmoja badala ya mitatu. Mama anarudi kwa wenzake jioni hiyo hiyo, na kati ya siku ya nne na ya saba umpeleke karibu na dume.

Watoto wakihamishwa, toa matandiko yote, sugua kwa sabuni, pitisha dawa, paka kuta chokaa, kisha acha chumba wazi kikauke siku tano hadi saba, boksi likiwa limeanikwa juani. Kagua kila nguzo ya vyuma vya kinga kwa kuisukuma kwa mguu kabla ya jike anayefuata kuingia.